Kuficha dawa kunavyohatarisha wapenzi wenye hali tofauti za HIV

KATIKA mitaa ya Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, familia nyingi huishi katika chumba kimoja cha mabati. Humo ndimo wanamopika, wanamolala na kulelea watoto. Kuficha kopo la dawa chumbani humo si rahisi. Hata hivyo, wapo wanaojaribu: dawa huachwa kwa jirani, hufungwa katika karatasi, au hazimezwi kabisa mwenzi akiwapo.

Kwa wapenzi ambao mmoja ana virusi vya HIV na mwingine hana, siri hiyo ndiyo huvipa virusi nafasi.

Rais Daniel arap Moi alipotangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa, Novemba 1999, dawa za kupunguza makali hazikuweza kununuliwa na mkazi wa kawaida wa mabanda. Leo hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Mwaka wa 2011, utafiti uliofanywa katika mataifa tisa, Kenya ikiwemo, ulionyesha kuwa matibabu ya mapema hupunguza maambukizi kati ya wapenzi kwa asilimia 96. Tafiti zilizofuata zilithibitisha kuwa virusi vikipungua damuni hadi vipimo visivione, haviambukizwi kwa njia ya ngono.

Kwa hivyo, anayemkumbusha mwenzake saa ya dawa hamfanyii hisani tu; anajikinga mwenyewe. Kabla ya kipimo kuthibitisha hali hiyo, kondomu ni ya lazima. Asiye na virusi naye anaweza kumeza tembe za kinga za PrEP, ambazo Kenya ilianza kuzisambaza kitaifa mwaka wa 2017, na kupimwa mara kwa mara. Wanaotaka mtoto wanaweza kumpata salama wakishauriana na daktari mapema.

Sheria haiwezi kuchukua nafasi ya uaminifu. Machi 2015, Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 24 cha sheria ya HIV ya mwaka wa 2006, kilichomtaka mwenye virusi kumwarifu mpenziwe la sivyo aadhibiwe. Tishio la jela halimpi mtu ujasiri wa kusema ukweli.

Wala si haki kumlaumu kila anayenyamaza. Mwanamke ambaye kodi ya nyumba hulipwa na mumewe huhofia kupigwa au kufukuzwa. Ndiyo maana ni heri habari hiyo itolewe kliniki, mbele ya mshauri nasaha, wote wawili wakipimwa pamoja.

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa wapenzi hawa, kopo la dawa linapowekwa wazi kando ya sufuria na vikombe, wote wawili huwa wamepata kinga.