Lete Sababu, Usilete Maana

Siku hizi mtoto wa kiume hapewi jina. Huchaguliwa jina, kama shati dukani. Mwaka jana binti yangu alinijia na orodha ya majina adimu ya watoto wa kiume, kila moja na maana yake pembeni: simba, mfalme, shujaa. "Baba," akaniambia, "hili hana mtu hapa mtaani." Lilikuwa Jayden. Orodha ilidai ni la Kiebrania, yaani mwenye kushukuru. Nikafungua Biblia. Katika Nehemia 3:7 yumo Yadoni Mmeronothi, aliyeshiriki kujenga upya ukuta wa Yerusalemu, lakini maana ya jina lake haikuelezwa. Jayden lenyewe ni mtindo ulioenea Marekani tangu miaka ya 1990. Uadimu gani huo? Liite katika darasa la chekechea la mjini uone wataitika wangapi.

Nasema wazi kwamba orodha hizi zinatupotosha. Zinatufundisha kuwa jina ni tamaa yenye sauti nzuri. Kwa wazee wetu jina lilikuwa ushahidi. Kambarage ni jina la mzimu wa mvua kwa Wazanaki. Mtoto aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 alipewa jina hilo kwa sababu mvua ilinyesha alipozaliwa. Nyerere, jina la baba yake, ni viwavi, maana alizaliwa wakati viwavi walipovamia. Orodha gani ingethubutu kumpa mzazi "viwavi"? Usukumani Kulwa hutangulia, Doto hufuata, na Shija huzaliwa baada ya mapacha. Mabula alikuja na mvua. Kwa Wajaluo, Otieno alizaliwa usiku, Ochieng jua likiwaka. Ukisikia jina, umekwisha kusimuliwa nusu ya habari za nyumba ile.

Najua nitakavyojibiwa: "Mwalimu, unataka tuwaite watoto Shida na Tabu, wachekwe shuleni?" Hoja hiyo naiheshimu, kwa kuwa niliwahi kuiamini, tena nikaitenda. Nikiwa mwalimu kijana, miaka ya 1970, aliletwa darasani mtoto aitwaye Mashaka. Nilimwonea huruma. Bila kumwuliza mtu, nikaandika Baraka katika daftari la mahudhurio, na Baraka akabaki hadi kwenye cheti cha darasa la saba. Zaidi ya miaka ishirini baadaye, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, alikuja kumleta mdogo wake, mtoto wa mama wa kambo. Akaniamkia kwa adabu, kisha akasema: "Mwalimu, mama alifariki siku niliyozaliwa. Baba aliniita Mashaka ili mama asisahauliwe. Wewe ulimfuta." Sikuwa na jibu. Sinalo hadi leo.

Sisemi kila mtoto aitwe Mashaka, wala jina la kigeni si dhambi. Juma na Yohana nayo yalitoka mbali, yakazaa wajukuu hapa kwetu. Ninachopinga ni jina lisilo na shahidi, ambalo mtoto akiuliza "kwa nini mimi?" mzazi hana la kusema ila "lilikuwa zuri".

Basi nikamwambia binti yangu: "Mwanangu, maana ninaziona kwenye karatasi. Lete sababu." Akanitazama, akauliza: "Na wewe baba, babu yako aliitwa hivyo kwa nini?"

Nikanyamaza. Sikuwahi kuuliza, na wa kuulizwa wamekwisha kuondoka.

Kwa hiyo lawama si ya vijana peke yao. Sisi wazee tulirithi majina, habari zake tukaziacha zikazikwa, kisha tunashangaa watoto wetu wanapokwenda kuokota maana kwenye orodha. Cheti cha kuzaliwa hakina nafasi ya kuandika sababu. Wazee wenzangu, tafuteni daftari, mwandike jina la kila mtoto wa ukoo na lilivyopatikana. Andikeni leo, mikono ingali inashika kalamu.