Kamera Nne, Siku Sita

Kila Desemba Dar es Salaam hupungua watu. Familia hufunga mageti, hupakia magari na kuelekea Moshi, Rombo au Machame, na hurudi Januari shule zinapokaribia kufunguliwa. Chukua nyumba moja ya Tabata yenye kamera nne na diski ya terabaiti 1, iliyofungwa na fundi ambaye hakuuliza jambo wala hakuulizwa. Baada ya wiki tatu mwenye nyumba anarudi na kukuta dirisha la stoo limeng'olewa nondo, pampu ya maji haipo. Anawasha skrini kwa matumaini. Picha ya zamani kabisa iliyobaki ni ya siku sita nyuma, na inaonyesha ua mtupu, pampu ikiwa imeshaondoka.

Kamera hazikukosea. Wezi walirekodiwa, kisha diski ikajaa na kuandika juu yao.

Kamera moja inayorekodi mfululizo kwa megabiti 4 kwa sekunde, kiwango cha kawaida kwa picha ya HD kamili, hula gigabaiti 43 kwa siku. Kamera nne hula 173. Terabaiti 1 inajaa kabla siku ya sita haijaisha. Fundi anaweza kuipiga hesabu hiyo kwenye simu akiwa bado juu ya ngazi, lakini dukani mazungumzo yote huwa ni ya megapikseli na kuona usiku. Idadi ya siku haitajwi, na hapo ndipo fedha za watu zinapopotea.

Swali la kwanza liwe hilo la siku, na jibu lake linatoka ndani ya nyumba yenyewe: wizi ukitokea hapa, utagundulika baada ya muda gani? Mlango uliovunjwa huonekana asubuhi. Dizeli ya jenereta inayochotwa lita mbili mbili, au saruji inayopungua mfuko mmoja mmoja nyumba ikiwa bado inajengwa, hugundulika mwisho wa mwezi watu wakikaa kupiga hesabu. Kwa nyumba nyingi, siku 30 ni kipimo cha busara. Kwa kamera nne za mfano wetu hiyo ni terabaiti 5.2, yaani diski ya terabaiti 6.

Diski kubwa ni ghali, na si kila mwenye kamera ana uwezo nayo. Mzigo unaweza kupunguzwa bila kufifisha picha sana. Mfumo wa kubana video wa H.265 huweza kupunguza nafasi karibu nusu ukilinganisha na H.264, na mashine nyingi za kurekodi za sasa zinao. Unasubiri tu mtu aingie kwenye mipangilio na kuuchagua. Fremu 15 kwa sekunde zinatosha kumwonyesha mtu anayeruka ukuta. Njia ya kurekodi panapotokea mwendo tu inaokoa zaidi, lakini ina mtego wake. Usiku wadudu huizunguka kamera, buibui huwafuata na kutanda utando mbele ya lenzi, na kila uzi ukipepea kamera huona mwendo. Asiyefuta utando huo hujaza diski kwa picha za buibui.

Aina ya diski nayo si jambo la kupuuza. Mafundi wengine huchomoa diski kwenye kompyuta ya zamani na kuipachika kwenye DVR, yaani mashine ya kurekodi. Diski nyingi za kompyuta za kawaida hutengenezwa kubeba takriban terabaiti 55 kwa mwaka, kwa mashine inayozimwa jioni. Kamera zetu nne huandika 63. Diski za ulinzi kama WD Purple na Seagate SkyHawk zimepangiwa terabaiti 180 kwa mwaka, usiku na mchana bila kupumzika. Juu ya hapo weka umeme unaokatika ghafla na joto la juu ya kabati, chini ya bati, mahali ambapo mashine hizi hufichwa. UPS ndogo si anasa. Na betri ndogo ya saa ndani ya mashine ikifa, umeme ukirudi tarehe nayo huweza kurudi miaka mingi nyuma; ushahidi utakuwepo, lakini utakuwa umeandikwa mwaka ambao nyumba haikuwepo.

Je, basi mtu aweke miezi sita? Hapana. Diski hiyo hiyo inamhifadhi dada wa kazi akianika nguo, watoto wa jirani, na wageni wa nyumba ya pili wanaoingia saa nne usiku. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022 zinashikilia kwamba taarifa za watu zisikae muda mrefu kuliko zinavyohitajika.

Ulaya suala la faragha ya wanaorekodiwa lilifika mahakamani. Nchini Czech, František Ryneš alifunga kamera baada ya nyumba yake kushambuliwa mara kadhaa, nayo ilirekodi kwenye diski iliyojifuta kila ilipojaa. Oktoba 2007 dirisha lake lilivunjwa kwa manati. Rekodi ilikabidhiwa polisi na watuhumiwa wawili wakatambuliwa. Lakini mmoja wao alilalamika, na Desemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba kamera inayomulika njia ya umma haiwezi kuitwa jambo la nyumbani tu, ingawa lengo la kulinda familia na mali linaweza kuzingatiwa.

Kwa hiyo kamera ielekezwe getini na ukutani, siyo kwenye kibaraza cha jirani. Tukio likitokea, kipande chake kinakiliwe kwenye flashi siku hiyo hiyo, kabla diski haijajaa na kuandika juu yake. Na mwezi mmoja baada ya fundi kuondoka, mwenye nyumba afungue rekodi atafute siku ya kwanza kabisa. Afanye hivyo Novemba, kabla ya safari ya Moshi.