Masurufu ya Likizo na Birika la Chumbani



Likizo ya Desemba yakaribia, na familia nyingi za hapa Mombasa zimekwisha anza kuulizia tiketi za treni ya kwenda Nairobi. Nauli huhesabiwa mapema, na kodi ya chumba pia. Kinachosahauliwa ni tumbo. Mtu hujiambia kuwa chakula kitapatikana huko huko, kisha watoto wanne wakaketi mezani mara tatu kwa siku, siku tano mfululizo, na fedha zilizotengwa kwa ajili ya kuzuru makumbusho na kuwapelekea jamaa zawadi zikaishia kwenye chipsi na soda.

Nasi yalitufika. Safari yetu ya kwanza tulikuwa sita, na usiku wa kwanza tuliagiza chakula hapo hapo hotelini. Hesabu ilipoletwa, baba watoto aliisoma mara mbili, akaikunja, asiseme neno. Kesho yake tukanunua jiko dogo la umeme, tukalipandisha ghorofani tumelifunika kwa leso. Masharti yaliyobandikwa nyuma ya mlango yalikataza kupika, na tuliyasoma. Tulijipa udhuru kwamba jiko lenyewe ni dogo.

Tambi hazijaiva, umeme ukakatika ghorofa nzima. Asubuhi tulimsikia mhudumu wa usafi akiulizwa kwa ukali ni pasi gani aliyoiacha imechomekwa, naye akiapa kuwa hakuacha kitu. Tulitazamana. Ilitubidi tushuke tukaseme kuwa kosa ni letu. Wenye hoteli walitusamehe, na yule mhudumu naye alitusamehe, lakini haya ya kumtazama usoni siku tatu zilizobakia ilikuwa nzito kuliko ile hesabu ya usiku wa kwanza. Mtu anapopokea ufunguo wa chumba amekwisha yakubali masharti yake, na hiyo ni ahadi kama ahadi nyingine.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya kununua hata tende moja, ni kuuliza. Pigeni simu hotelini mwulize: Je, chumbani mna birika la umeme? Friji ipo? Mwaruhusu wageni kula vyumbani? Wengi hawana neno na chakula kisichopikwa kwa moto. Wanachokiogopa ni mafuta, moshi na jiko. Mkikatazwa hata hilo, tafuteni nyumba ya kukodi yenye jiko lake, ambayo kwa familia kubwa huenda ikatoka nafuu. Ama kuhusu jiko la makaa, hilo tusilitaje ila kwa kulikataza. Makaa yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na huua watu wakiwa wamelala. Nairobi ina baridi, na baridi humshawishi mtu kufunga madirisha.

Birika la chumbani nalo lina adabu yake. Hilo ni la maji peke yake. Tumewaona watu wakichemshia humo mayai na hata maziwa, na mgeni atakayefuata atakunywa chai yenye harufu asiyoijua. Mayai yachemsheni nyumbani siku ya safari, myapoze, myabebe na maganda yake, myale mapema njiani.

Maji ya moto yanatosha kwa mengi kuliko tunavyodhani. Kuskusi haihitaji jiko: kikombe kimoja cha kuskusi, kikombe kimoja cha maji yanayotokota, chumvi kidogo, funikeni bakuli kwa sahani dakika tano, kisha ichambueni kwa uma. Juu yake tieni jodari wa mkebe, kachumbari ya nyanya na vitunguu, na achari ya maembe kutoka nyumbani. Watoto wetu waliokuwa wakiikataa kuskusi Mombasa waliila Nairobi wakaomba tena. Njaa ya safari ina mapishi yake. Tambi nyembamba zile za futari nazo huiva vivyo hivyo zikivunjwavunjwa na kufunikwa, ila ziacheni kwa muda mrefu zaidi kuliko mlivyozoea. Nairobi iko juu sana kuliko kwetu, na maji huko huchemka kwenye joto la digrii 94 hivi badala ya 100. Ndiyo maana hata chai ya huko huona kama haikukolea, ipeni muda.

Katika vya kubeba, hakuna kilichotufaa kama nyirinyiri. Nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa vizuri, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli, ni masurufu ya wasafiri tangu kabla ya friji kujulikana. Kijiko kimoja ndani ya mkate ni mlo, nanyi mna yakini na uchinjaji wake. Mahamri yaliweni siku mbili za mwanzo. Visheti, tende na njugu hukaa safari nzima. Maziwa chukueni ya unga, au pakiti ndogo ndogo zinazomalizika kwa mkao mmoja.

Wali wa nazi na mbaazi za nazi viacheni nyumbani. Tunajua itawauma. Lakini nazi huchacha upesi, na wali uliopikwa ukakaa kwenye joto saa nyingi waweza kumdhuru mtu tumbo hata ukipashwa moto tena. Chakula kama hicho kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili. Na ng'onda, kwa heshima zote tulizo nazo kwa ng'onda, asipande treni. Chumba hakitasahau harufu yake mpaka mtakapoondoka, na pengine hata baadaye.

Hatusemi mjifungie mkale mikate siku zote tano. Mpango wetu siku hizi ni kula asubuhi na usiku chumbani, na mchana mlo mmoja wa moto nje, mahali penye chakula cha halali. Karibu na Msikiti wa Jamia mtapata, na Eastleigh mtapata zaidi. Sinia za wali na nyama za migahawa ya Kisomali huko ni kubwa, sahani mbili au tatu zaweza kuwatosha watu sita, na ndizi juu yake. Ikiwa bei ya chumba ina kifungua kinywa ndani yake, kuleni mshibe mezani, ila msitie mayai na mikate mkobani bila ruhusa. Tuliwahi kuomba, na tulifungiwa kwa karatasi kwa moyo mkunjufu.

Limebaki la mama. Ikiwa yeye ndiye atakayechemsha, atakayepakua na atakayeinama kuosha sahani kwenye beseni la bafuni ilhali wengine wanatazama televisheni, basi hakwenda likizo. Amehamisha jiko tu. Kwetu, kuosha ni zamu ya baba na wavulana. Sahani hupanguswa kwanza kwa karatasi ili punje zisizibe bomba, na mabaki hufungwa mfukoni yakashushwa chini usiku ule ule, kabla ya sisimizi kupata habari. Wasichana hutandika jamvi na kulikunja. Mama hutengeneza chai yake akitaka, na asipotaka hutengenezewa.

Siku ya kurudi, kilichobakia cha tende na visheti ni cha ndani ya treni. Mkoba wa masurufu huwa mtupu, na ndimo tunamotia masweta tuliyonunua Gikomba.