Mabao hayafuti utovu wa adabu



Kila mtaa una kijana wa namna hii. Ana miaka 15 au 16, na mpira ukimfika miguuni watu husimama. Lakini mazoezini huja saa anayotaka, humtukana mwenzake aliyekosea pasi, na akitolewa uwanjani huvua jezi na kuitupa chini. Jumamosi inayofuata ndiye wa kwanza kupangwa. Muulize kocha, atakujibu: "Nifanyeje? Ndiye anayefunga."

Hiyo si hoja. Huko ni kuuza malezi ya mtoto kwa pointi tatu.

Tutazame mfano wa Mike Tyson. Cus D'Amato, kocha mzee wa ndondi wa Catskill, jimbo la New York, alimpata akiwa na miaka kama 13, akiwa katika shule ya watoto watukutu. Alimpa makazi na ufundi, na mama yake Tyson alipofariki, mzee akawa mlezi wake kisheria. Kwa hilo anastahili sifa. Lakini msaidizi wake, Teddy Atlas, ameeleza kuwa alipomfungia Tyson mazoezi kwa utovu wa nidhamu, mzee alimrudisha, kwani alikwisha kumwona bingwa wa dunia. Mwaka 1982 aliyeondoka ni Atlas. Kijana akabaki.

D'Amato alifariki Novemba 1985. Novemba 1986 Tyson, akiwa na miaka 20, akawa bingwa mdogo kuliko wote wa uzito wa juu. Mkanda ukapatikana. Kisha mwaka 1992 akafungwa kwa kosa la kubaka, 1997 akamng'ata Evander Holyfield sikio ulingoni, na 2003 akatangaza kufilisika.

Sisemi yote hayo ni makosa ya mzee mmoja. Tyson alikuwa mtu mzima na matendo ni yake. Ninachosema ni kwamba yule aliyethubutu kumwambia "hapana" mapema ndiye aliyeonekana kikwazo.

Wapo watakaosema: "Ukimbana atahamia timu nyingine." Huenda akahama. Lakini wale wenzake wanaowahi mazoezi kila siku wanakutazama. Wakiona sheria ni ya wasiojua kufunga tu, nao wataidharau.

Wala simtetei kocha anayemfukuza kijana siku ya kwanza au kumfokea mbele ya watu. Huko ni kukomoa, si kulea. Mwite pembeni. Usimwambie "una kiburi", mwambie "Jumanne ulichelewa nusu saa, ukamtukana kipa." Muulize nyumbani kuna nini. Adhabu aijue mapema, nayo itekelezwe: akichelewa anaanzia benchi, hata ikiwa fainali. Akijirekebisha, msifu kwa hilo kama ulivyomsifu kwa bao.

Nanyi wazazi, mwanenu akiwekwa benchi kwa haki, msikimbilie kumpigia kocha simu kulalamika. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia, hulia yeye. Kombe litashika vumbi kabatini. Tabia ataibeba kazini, katika ndoa yake, na mbele ya Mola wake.

Wabillahi tawfiiq.