Ukuta wa uzio usijengwe kwa maneno matupu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwatahadharishe wananchi wanaotaka kujenga upya uzio wa nyumba zao.

Mwaka jana niliondoa mabati yaliyooza uani ili nijenge ukuta wa tofali. Mkandarasi alidai zaidi ya nusu ya fedha kabla ya kuanza, akalipwa. Kilichofuata ni uharibifu mtupu. Msingi haukuchimbwa vya kutosha, na tofali zilimomonyoka ukizikwangua kwa ukucha. Eneo letu lina mteremko, lakini ukuta haukuachiwa matundu ya kupitisha maji. Mvua za masika zilipoanza, maji yalijaa nyuma yake, ukainamia kwa jirani, mahali wanapocheza watoto. Mkandarasi hapokei simu mpaka leo.

Wenzangu, Bodi ya Usajili wa Makandarasi ipo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1997. Kabla ya kumpa mtu kazi, hakikisheni amesajiliwa. Andikianeni mkataba unaotaja kina cha msingi, nondo, uwiano wa saruji na mchanga, na muda wa kumaliza. Malipo yawe kwa awamu, kila hatua ikishakaguliwa.

Nazo halmashauri zisiishie kutoa vibali vya ujenzi. Wahandisi wake wafike kukagua msingi kabla haujafukiwa. Ukuta mbovu unaweza kuua. Tusisubiri maafa ndipo tuunde tume.

Mkazi wa Salasala,
Dar es Salaam