Kazi na Muda Wake

Ukiandama mwezi wa Shaabani, mafundi cherehani wa miji yetu ya pwani huanza kupokea vitambaa vya Idi, na zifikapo siku za mwisho za Ramadhani hakuna duka la fundi lisilokuwa na watu mlangoni. Mmoja adai kanzu yake, wa pili adai nguo za watoto wake watano, na wa tatu ndiyo kwanza aja na kitambaa mkononi, akishikilia kwamba fundi akitaka ataweza. Fundi naye hajui kukataa. Husema, "Njoo kesho," na kesho yake husema vivyo hivyo, hata takbiri zikasikika na kanzu ingali haina mikono. Mambo haya yamezoeleka hata watu huyacheka. Lakini sisi twaona yafaa yatazamwe, kwani ndani yake mna mas'ala yamhusuyo kila mwenye kazi na kila amfanyishaye mwenziwe kazi: je, kuwekewa siku ya mwisho humzidishia mtu juhudi na ubunifu, ama humwondolea?

Isidhaniwe kuwa twapinga kuweka muda. Dini yetu ni dini ya nyakati: sala ina wakati wake, na funga, na hija, na eda ya mke. Katika Suratul Baqara, aya ya 282, waumini wameamrishwa kuliandika deni la muda maalumu. Na Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mmoja au miwili kabla ya kuzipokea, hakuwakataza, bali aliwataka kipimo kijulikane, uzani ujulikane, na muda ujulikane. Neno lenyewe la Kiarabu, ajali, ambalo sisi leo twalitumia kwa magari yagonganapo, asili yake ni muda uliowekwa. Kazi isiyo na muda huzeekea kabatini, na hilo kila mwenye nyumba alijua.

Lakini muda una ncha mbili, na wengi wetu twaijua moja tu, ile isemayo kazi isipite siku kadha. Ncha ya pili ni ile isemayo kazi isifanywe kwa chini ya siku kadha. Sahaba Abdullahi bin Amr bin al-As alikuwa kijana mwenye bidii kubwa ya ibada. Mtume (S.A.W.) alimwambia aihitimu Qurani kwa mwezi mmoja, yeye akasema kuwa ana nguvu ya kufanya zaidi, akapunguziwa siku, hata ikafika 7. Na katika riwaya nyingine imebainishwa ya kwamba aisomaye yote kwa chini ya siku 3 haifahamu. Tazameni basi: kijana huyu hakuwa mvivu, alisukumwa na mapenzi, na juu ya hayo aliwekewa mpaka wa kutokuharakisha, kwa kuwa ufahamu wataka wakati. Ikiwa hivyo ndivyo katika kusoma, itakuwaje katika kubuni?

Atazame mwenye shaka kazi ya mkono. Mshono wa ubavuni waweza kuharakishwa, kwani ni mguu tu uongezao mwendo. Si hivyo kofia ya viua, ambayo ni kazi ya wiki nyingi. Mshonaji mwenye nafasi hufikiri ua jipya, akalijaribu, akalifumua likimchukiza. Aliyebanwa hurejea ua lile lile alilolishona mwaka jana na mwaka juzi. Mkono wake haukuharibika. Kilichokufa ni kule kuchagua.

Huko Marekani, bibi mmoja mtaalamu, Teresa Amabile, alilichungua jambo hili kwa miaka mingi. Katika utafiti uliotolewa mwaka 1976, yeye na wenziwe waliwapa wanafunzi michezo ya maneno. Waliowekewa muda walipungukiwa na hamu ya mchezo huo baadaye, hata pasipokuwa na wa kuwaharakisha. Tena mwaka 2002 wakatangaza waliyoyaona katika kurasa zaidi ya 9,000 za kumbukumbu za kila siku, zilizoandikwa na wafanya kazi 177 wa makampuni 7. Siku za kubanwa sana ndizo zilizokuwa na fikra mpya chache, na upungufu huo uliendelea siku zilizofuata. Na la ajabu, wengi wao walidhani siku hizo ndizo walizobuni zaidi! Waliosalimika ni wale walioamini kwamba haraka ile ina sababu ya kweli, kisha wakaachwa na kazi moja pasi na kukatizwa.

Fundi wetu haachwi. Kila saa mtoto hutumwa kuuliza, na kila aulizapo mkasi huwekwa chini. Mwanagenzi wake hukesha akashona, tarawehe zikampita, na Idi ikiisha hataki kuiona cherehani. Wazee humwita mvivu, sisi hatukubali. Nasi walimu wa vyuo twayaona haya kila mwaka: mtoto apewaye sehemu yake ndogo ya kila siku ubaoni huomba aongezewe, na yule aambiwaye amalize juzuu kwa wiki moja kwa sababu wageni waja, husoma kwa sauti kubwa mbele ya wageni, kisha juzuu ile huitupa.

Kwa hiyo, enyi wenye nyumba, pelekeni vitambaa Rajabu. Idi haimjii mtu kwa ghafla. Fundi ndiye abanwaye, kwani mwezi ukiandama usiku wa kuamkia 30 hunyang'anywa siku nzima ya kazi. Naye fundi ahesabu kanzu awezazo kwa siku, na kaba ya kila moja kama ipasavyo, azidishe kwa siku alizonazo, na daftari likijaa aseme limejaa. Kuvunja ahadi kumetajwa katika alama za mnafiki, na "njoo kesho" ya fundi ajuaye kuwa kesho haiko ni ahadi kama nyingine. Mteja naye asimlazimishe kuitamka. Mwenye kuleta kitambaa tarehe 27 na avae kanzu yake ya mwaka jana. Ifuliwe, ipigwe pasi, itiwe udi, na sala yake ya Idi haipungui kitu.