Mtwara Imemegwa vya Kutosha

Ukidai barabara huku kwetu, utaahidiwa wilaya. Ukidai maji, utaambiwa subiri tupate halmashauri yetu. Wanasiasa wametuzoesha hivyo, nasi tumezoea, hadi mzee wa Nanyumbu na kijana wa bodaboda wa Masasi wanakubaliana bila kujadiliana kwamba shida ya Kusini ni ukubwa wa maeneo: mkoa ukigawanywa na wilaya zikimegwa, huduma zitasogea karibu na wananchi. Mimi nakataa. Tumeshamegwa, tena mara nyingi.

Jimbo la Kusini la Mwingereza lilikuwa moja, kutoka pwani ya Lindi mpaka Songea. Baada ya uhuru Ruvuma ikashika njia yake, na mwaka 1971 Lindi nayo ikawa mkoa. Mwaka 1995 Tandahimba ikatoka Newala. Muongo uliofuata Nanyumbu ikatoka Masasi. Kisha zikaja halmashauri za miji: Masasi, Newala, Nanyamba. Leo Mtwara ina wilaya tano na halmashauri tisa, kwa watu 1,634,947 waliohesabiwa mwaka 2022. Dar es Salaam, iliyokuwa na watu zaidi ya milioni tano katika sensa hiyohiyo, inaendeshwa na halmashauri tano. Kama wingi wa halmashauri ndiyo maendeleo, vijana wetu wangekuwa wanakimbilia Nanyamba badala ya kwenda kutembeza bidhaa Kariakoo.

Nitajibiwa kwamba Dar es Salaam ni ndogo kwa eneo, na sisi tuko mbalimbali. Hoja ya umbali siidharau. Mtu wa Kitaya au Mahurunga, kule bondeni mwa Mto Ruvuma, masika yakikolea anajua umbali ni nini. Lakini linalomweka mbali ni barabara, na barabara hiyo halmashauri haina tena. Tangu mwaka 2017 barabara za vijijini na mijini ziko chini ya TARURA, wakala wa Serikali. Maji ya vijijini nayo yakaenda kwa wakala mwingine, RUWASA, kwa sheria ya mwaka 2019. Kodi ya majengo ilishachukuliwa na TRA mwaka 2016, na siku hizi inakatwa kwenye umeme wa LUKU. Mishahara ya walimu na wauguzi inatoka Hazina. Mkurugenzi anateuliwa na Rais, na mkuu wa wilaya vilevile. Sisemi TARURA au RUWASA ni mbaya. Huenda wahandisi wanafanya kazi nzuri kuliko zamani. Ninachosema ni kwamba miaka ileile tuliyokuwa tukishangilia halmashauri mpya ndiyo miaka halmashauri zilipokuwa zikinyang'anywa kazi. Tumeongezewa viti, kazi ikapanda juu.

Na viti vina bei. Halmashauri moja mpya inahitaji jengo la utawala, mkurugenzi, wakuu wa idara, magari, dereva wa kila gari, mwenyekiti na posho za vikao. Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara ilikaa miaka mingi na ofisi zake mjini Mtwara, yaani ndani ya eneo la Manispaa ya Mtwara-Mikindani, si kwake. Mwaka 2019 Rais Magufuli akaagiza halmashauri za namna hiyo zifungashe virago, zihamie kwenye maeneo yao. Agizo lilikuwa na mantiki. Lakini mtu wa Msimbati, ndani ya halmashauri hiyo, bado hospitali yake ni Ligula mjini Mtwara, na benki yake iko hukohuko. Mpaka uliochorwa ofisini haukubadilisha njia anayopita.

Tazama maji ya uwanda wa Makonde, maana hapo ndipo imani ya kumega inapoumbuka. Juu ya uwanda ule hakuna mto. Maji yanasukumwa kwa mitambo kutoka bondeni, Mitema, yanapanda mlima. Chanzo kikuu kimoja, mamlaka moja, na wanaokitegemea ni watu wa Newala, Tandahimba na Nanyamba. Umetenganisha Newala na Tandahimba mwaka 1995, ukaipa Nanyamba halmashauri yake mwaka 2015, lakini pampu ikifa Mitema, madiwani wa halmashauri zote hizo wanakosa maji siku moja. Wakulima walilielewa hilo mapema: chama chao kikuu, TANECU, bado kinazibeba Newala na Tandahimba pamoja. Penye fedha ya korosho, mpaka wa wilaya hautajwi sana.

Au chukua afya, kwa kuwa kila mtetezi wa wilaya mpya huanzia hapo. Ni kweli, wilaya mpya huja na hospitali ya wilaya, na nani atakataa hospitali? Ila hospitali inajengwa kwa fedha na madaktari, haijengwi kwa tangazo kwenye Gazeti la Serikali. Ndanda si makao makuu ya wilaya yoyote. Wamisionari wa Kibenediktini walifika pale mwaka 1906, na hospitali yao imetibu watu wa Mtwara na Lindi kwa vizazi, bila kumsubiri mtu achore ramani. Makao makuu peke yake hayashiki mji pia. Waulizeni Mikindani, waliokuwa na boma la Mjerumani tangu 1895: serikali ilipohamia Mtwara, kwenye bandari, walibakiwa na boma.

Halafu kuna hiki kichekesho cha kuita kila kitu mji. Kitaya imo katika Halmashauri ya Mji wa Nanyamba. Ni kijiji cha mpakani, ng'ambo ya mto ni Msumbiji, watu wanalima mpunga na korosho. Kwa karatasi, wako mjini.

Umegaji pia unagawa utajiri kwa bahati ya mstari. Nanyamba ilipotolewa katika Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, visima vya gesi vya Mnazi Bay na mitambo ya Madimba vilibaki upande wa pili, pamoja na ushuru wake wa huduma. Nanyamba wakabaki na korosho, zao ambalo mwaka huu linajaza kapu na mwaka ujao linaliacha tupu. Ndiyo maana maandamano ya Mtwara ya Desemba 2012 na ghasia za Mei 2013 hazikuwa za kudai wilaya. Watu walikuwa wanauliza nani aliamua bomba la gesi liende Dar es Salaam, na kwa nini wao hawakuulizwa. Ingekuwepo mikoa mitatu badala ya mmoja, jibu lingekuwa lilelile. Hata mvuvi wa Msimbati akigongana na kanuni za Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, mwenye rungu si diwani wake.

Majirani wametutangulia katika mchezo huu. Uganda ilikuwa na wilaya 33 Museveni aliposhika madaraka mwaka 1986; sasa zimepita 130. Kenya nako wilaya ziligawiwa kama njugu mpaka mwaka 2009 Mahakama Kuu ikazitangaza batili zile zilizoundwa bila sheria. Katiba ya 2010 ikarudi kwenye maeneo 47 tu, ila ikayaita kaunti, ikayapa magavana wa kuchaguliwa, na ikaandika kwamba yasipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kaunti zina wizi wake na vituko vyake. Lakini mtu wa Kwale anajua anamdai nani, na kiasi gani.

Sisi tunadai mstari. Na kudai mstari kumewekewa utaratibu mzuri kabisa: ombi linaanza kwenye mkutano wa kijiji, linapanda kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani, kikao cha ushauri cha wilaya, kikao cha ushauri cha mkoa, TAMISEMI, mpaka kwa Rais, ambaye Ibara ya 2 ya Katiba inampa uwezo wa kuigawa nchi. Lakini fedha haipiti njia hiyo. Mwaka 2018, asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha korosho nje, iliyokuwa ikirudi kuhudumia zao lenyewe, iliingizwa yote katika mfuko mkuu wa Serikali kwa Sheria ya Fedha. Wabunge wa Kusini walipinga, wakashindwa. Miezi michache baadaye Serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ikaleta jeshi kuibeba. Kwa maamuzi yote mawili hakuna kijiji kilichoitishiwa mkutano, hakuna baraza la madiwani lililopiga kura, na mkoa huu ulikuwa tayari na halmashauri zake tisa.